Kukinga Miche ya Mboga na Jua Kali

Mche wa nyanya unapong'olewa kitaluni, sehemu kubwa ya vinyweleo vya mizizi yake hukatika na kubaki udongoni. Vinyweleo hivyo, vyembamba kiasi kwamba jicho huviona kwa shida, ndivyo vinavyofyonza maji mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mzizi. Majani hayapungui. Yanabaki yaleyale ya jana, nayo yanaendelea kutoa maji kupitia vitundu vidogo vilivyojaa zaidi upande wa chini wa jani. Tangu mche unapotiwa shambani mpaka mizizi mipya ichipue, matumizi yake ya maji huzidi mapato. Jua la utosi, upepo mkavu na udongo wa moto huongeza matumizi hayo; kivuli na matandazo huyapunguza.

Kivuli basi si dawa ya mche. Kinachouponya ni mzizi mpya, na mzizi huo huhitaji siku 3 hadi 10 kushika udongo, kutegemea aina ya mboga, umri wa mche na jinsi ulivyong'olewa. Ndiyo sababu kichanja kizuri cha kivuli peke yake hakiokoi miche: mara nyingi majani hukingwa vizuri huku mizizi ikisahaulika kwenye udongo mkavu unaochoma.

Jua linavyopiga

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua hupita juu ya utosi mara 2 kwa mwaka. Mombasa hupita mwanzoni mwa Oktoba na tena karibu na tarehe 10 Machi. Dar es Salaam, iliyo kusini zaidi, hupitiwa karibu na tarehe 10 Oktoba na katika siku za mwanzo za Machi. Vipindi hivyo viwili ndivyo hasa wakulima wa pwani wanapoandaa miche ya vuli na ya masika. Mvua ikichelewa wiki moja tu, mche hukutana na jua la wima juu ya udongo mtupu, na ule wa Machi hukuta pia joto la kaskazi halijaisha.

Miezi mingine jua huinama, na kivuli huhama nalo. Mwishoni mwa Juni, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam huwa limeelekea kaskazini kwa kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini, hivyo paa la kivuli lililoinuliwa mita 1 hutupa kivuli chake karibu sentimita 60 kusini mwa pale lilipo. Mwishoni mwa Desemba jua liko kusini, na kivuli husogea kaskazini kwa takriban sentimita 30. Alasiri tofauti huwa kubwa zaidi. Ifikapo saa tisa, hata katika siku za jua la utosi, kivuli cha paa hilohilo kimeshahamia mashariki kwa karibu sentimita 80. Hapo ndipo penye siri ya tuta linaloonekana limefunikwa barabara saa sita, lakini jioni mstari wa miche wa upande wa magharibi hukutwa umelala. Paa linapaswa kurefushwa upande wa magharibi kwa karibu mita 1, au upande huo uzibwe kwa kuti lililosimamishwa.

Jua la magharibi ni baya kuliko la mashariki kwa sababu nyingine pia. Asubuhi jani limejaa maji ya usiku, hewa ina unyevu na udongo bado baridi. Saa nane na saa tisa mambo yamegeuka: hewa imekauka, udongo umekusanya joto la saa nyingi, na maji yaliyokuwa karibu na mzizi yamepungua. Mkulima mwenye vifaa haba akinge kwanza magharibi, ndipo afikirie juu.

Mboga nazo hazifanani. Mchicha, kama mahindi, umeumbwa kutumia mwanga mkali, na ukishashika hauhitaji kubembelezwa. Nyanya, kabichi, sukuma wiki, biringanya na pilipili hoho ni tofauti: jani lake hutosheka na sehemu tu ya mwanga wa adhuhuri, na unaozidi huwa mzigo wa joto. Katika hizo, hoho ndiyo nyonge zaidi, maana mizizi yake huchelewa kuchipua. Saladi nayo haifai kupandwa uwandani pwani bila kivuli cha kudumu.

Maandalizi ya kitaluni

Kinga ya kweli huanza wiki moja na zaidi kabla ya siku ya kuhamisha. Mche uliolelewa kivulini muda wote huwa na jani jembamba, laini, lenye nta kidogo juu yake. Ukitolewa ghafla juani, ukijani wake huungua na kuacha mabaka meupe kama karatasi kuukuu, na jani lililoungua hivyo halirudi. Mche uleule ukizoeshwa polepole hujiongezea nta, jani huwa nene na shina hukakamaa.

Kukomaza miche huchukua siku 7 hadi 10. Mwanzoni kichanja hufunguliwa mpaka saa tatu asubuhi na tena kuanzia saa kumi jioni. Baada ya siku 3 hivi muda wa jua huongezwa hadi saa tano, na siku 2 au 3 za mwisho miche hukaa bila paa kabisa. Maji nayo hupunguzwa: badala ya kila siku, hutolewa baada ya siku moja, ila miche isiachwe inyauke kila adhuhuri. Kuna wanaokomaza miche kwa kuinyima maji kabisa. Huo si ukomazaji. Mche uliodumaa kwa kiu huanza maisha ya shambani ukiwa na deni.

Umri una uzito wake. Nyanya huwa tayari zikiwa na wiki 4 hivi, zikiwa na majani halisi 4 hadi 6. Kabichi na sukuma wiki, wiki 4 hadi 5. Biringanya, hoho na vitunguu, wiki 6 hadi 8. Mche mkubwa kupita kiasi humvutia mnunuzi, lakini majani yake mengi yanataka kunyweshwa na mizizi michache iliyobaki baada ya kung'olewa. Katika msimu wa jua kali, mche mfupi wenye shina nene ni bora kuliko mrefu. Mche wa nyanya uliorefuka haupaswi kutupwa, kwa kuwa shina la nyanya hutoa mizizi popote linapofukiwa: huzikwa mpaka karibu na majani ya chini, na sehemu iliyokuwa imekaa juani sasa inakaa kwenye ubaridi wa udongo. Kabichi nayo huweza kufukiwa hadi chini ya majani yake ya kwanza. Kitunguu hakitaki kina.

Miche ya trei, ambayo hutoka na bonge lake zima la udongo au la kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi), hupoteza vinyweleo vichache na huhitaji siku chache za kivuli kuliko ile iliyong'olewa tutani mizizi ikiwa mitupu. Bonge la kokopiti lina tabia moja ya kuangaliwa: likikauka kabisa hukataa maji. Miche ya aina hiyo hunyweshwa mpaka bonge lote lilowe kabla ya kupandwa, la sivyo maji yatapita pembeni na kuliacha kavu katikati ya udongo uliolowa. Matango, matikiti na maboga hayapendi kuguswa mizizi. Hupandwa mbegu moja kwa moja shambani au katika viriba, na kuhamishwa yakiwa na wiki 2 hadi 3 tu, kiriba kikichanwa bila kulivunja bonge.

Siku ya kuhamisha

Miche huhamishwa jioni, kuanzia saa kumi, au wakati wowote siku ya mawingu mazito. Katika nchi za ikweta usiku una saa 12 hivi, na mche uliopandwa jioni huzipata zote bila jua. Aliyepanda saa mbili asubuhi ameupa mche wake saa 3 tu kabla ya jua kuwa kali. Hakuna kivuli kinachofidia tofauti hiyo, na jambo hili peke yake huokoa miche mingi kuliko vifaa vyote vitakavyotajwa hapa chini. Yeye mwenye vibarua wanaomaliza kazi mchana atalazimika kupanga upya siku yao.

Kitalu hunyweshwa vizuri saa chache kabla ya kung'oa ili majani yajae maji na udongo ushikamane na mizizi. Mashimo nayo humwagiwa maji kabla mche haujaingia. Udongo wa chini ukiwa mkavu na wa moto, maji ya juu yatakayotiwa baadaye hayataufikia upesi. Miche iliyong'olewa hufunikwa kwa kitambaa chenye maji au majani ya mgomba na kuwekwa kivulini. Inatolewa michache michache kulingana na mwendo wa anayepanda. Mizizi mitupu iliyolala juani kwa dakika chache tu hukauka vinyweleo vyake vilivyobaki, na mche huo hufa siku 3 baadaye bila mtu kukumbuka chanzo.

Kila mche hushindiliwa kidogo kwa vidole ili udongo uugande mzizi, kisha hupewa maji ya kiasi cha nusu lita, polepole, yazame. Samadi mbichi na mbolea ya chumvichumvi visigusane na mzizi. Huunguza ncha za mizizi na kingo za majani, na uharibifu huo mara kwa mara husingiziwa jua.

Kabichi au sukuma wiki yenye majani makubwa, iliyong'olewa mizizi ikiwa mitupu, huweza kupunguzwa majani mawili matatu ya nje ili matumizi ya maji yashuke. Ni msaada wa dharura tu. Mche wa umri sahihi hauhitaji kukatwa, kwa kuwa majani hayohayo ndiyo yanayotengeneza chakula cha mizizi mipya.

Aina za kivuli

Pwani, kuti la mnazi halina mshindani. Kuti bichi lililokatwa vipande vya urefu wa mkono hupachikwa ardhini upande wa magharibi wa kila mche, likiinama juu yake kama mkono uliokinga uso. Upepo hupita, mwanga huingia kwa mistari, na kadiri kuti linavyokauka ndivyo majani yake yanavyojikunja na kuachia jua zaidi. Kivuli hicho hujipunguza chenyewe siku baada ya siku, sawasawa na mahitaji ya mche. Kwa tuta zima, makuti ya kumba hulazwa juu ya kichanja cha fito. Pakacha kuukuu lililogeuzwa hufaa kwa mche mmoja mmoja, kwa sababu matundu yake hupitisha hewa. Linainuliwa kidogo kwa jiwe au kipande cha kumbi ili lisiubane.

Mahali penye migomba, kama Bukoba au miteremko ya Kilimanjaro, magome makavu ya mgomba hukunjwa kama upinde juu ya mche na ncha zake mbili kuchomekwa ardhini. Dodoma, Singida au Makueni, ambako mnazi haupo na migomba ni michache, hutumika matawi yenye majani. Mwarobaini hufaa sana. Matawi huchomekwa upande wa magharibi na majani yake hupukutika yenyewe baada ya siku kadhaa. Matawi ya miti inayochipua kwa urahisi yaepukwe, kwani baadhi hushika na kuwa miti katikati ya nyanya.

Kichanja cha tuta zima hutaka urefu wa mita 1 hivi. Kikiwa chini zaidi, joto hukwama na hewa haizunguki. Kikiwa juu sana, jua la pembeni hupenya, kama hesabu ya alasiri ilivyoonyesha. Nyasi za kuezekea zisipangwe nene. Aliyesimama pembeni ya kichanja saa sita mchana anapaswa kuona vidoa vya jua vikicheza juu ya udongo. Asipoona hata kimoja, kivuli kimezidi.

Neti ya kivuli inayouzwa madukani hupimwa kwa asilimia ya mwanga inaouzuia. Kwa miche ya mboga iliyohamishwa, neti ya asilimia 30 hadi 50 inatosha. Zile za 70 au 80 zimetengenezwa kwa kazi nyingine, na chini yake mche hurefuka, shina hulegea na jani hupauka. Muuzaji asiyejua asilimia ya neti yake si wa kutegemewa, lakini mnunuzi anaweza kuinyoosha juani na kulinganisha kivuli chake na mwanga wa pembeni. Neti nyeusi hushika joto, hivyo isilale juu ya majani. Neti hununuliwa mara moja ikatumika misimu kadhaa, ila si lazima: kwa bustani ya robo eka, kuti na tawi hufanya kazi ileile bila gharama.

Vitu visivyofaa navyo vitajwe. Nailoni angavu huruhusu mwanga na kuzuia hewa, hivyo hupika kilicho chini yake. Ndoo, makopo na mabati yaliyofunikiwa mche mchana kutwa hufanya vivyo hivyo. Kiroba cha plastiki kikichanwa matundu na kuinuliwa juu huweza kusaidia panapokosekana kingine. Gunia la katani ni bora zaidi.

Mkulima anayepanga mapema huweza kuotesha kivuli chake. Mistari ya mahindi au mbaazi iliyopandwa wiki 5 au 6 kabla, upande wa magharibi wa tuta, hukinga jua la alasiri na upepo kwa pamoja. Katika kanda kavu za kati upepo wa Agosti hadi Oktoba hukausha miche kiasi cha kushindana na jua lenyewe, na kivuli cha juu hakiuzuii hata kidogo. Kupanda chini ya mwembe ni kosa la kawaida: kivuli chake ni kizito, mizizi yake hunywa maji ya tuta, na mche unaokulia katika uvuli huo hauzoei jua.

Joto la udongo

Jua huushambulia mche kutoka juu na kutoka chini. Hili la pili ndilo linalosahaulika, nalo huua zaidi. Udongo mtupu uliokauka, hasa mweusi au wa kichanga, huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi usoni mwake adhuhuri ya jua kali. Shina changa la nyanya au kabichi linalogusa udongo wa namna hiyo huungua shingoni, pale hasa linapotoka ardhini. Ngozi hukauka na kuzunguka kama pete, chakula kinachoshuka kutoka majanini hukwama, na mche huinama ghafla ukiwa bado kijani. Wengi hudhani ni ugonjwa.

Matandazo huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hutandazwa mara tu baada ya kunyweshwa, kwa unene wa sentimita 5 hivi. Pengo la vidole vitatu huachwa kuzunguka shina ili unyevu usiliozeshe na sota, viwavi wakatao mashina, wasipate maficho. Matandazo ya rangi hafifu hurudisha mwanga na kukaa baridi kuliko meusi. Plastiki nyeusi, inayosifiwa nchi za baridi kwa kuupasha udongo joto, huleta balaa katika jua la Morogoro au Kilifi, isipokuwa ikifunikwa nyasi juu yake.

Mahali penye mchwa wengi, nyasi kavu huwaalika. Hapo matandazo mabichi au nusu mabichi hufaa zaidi, na huongezwa kidogo kidogo.

Umbo la tuta lina nafasi yake pia. Tuta lililoinuka hukauka upesi na kupata moto kutoka pande zote. Kiangazi, na katika udongo wa kichanga, miche hupandwa katika tuta lililozama sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa njia, ambamo maji hukusanyika na kingo hutoa kivuli kidogo asubuhi na jioni. Masika yakija, tuta hilohilo hugeuka bwawa, hivyo hurudishwa juu.

Maji

Siku 3 za kwanza miche hunyweshwa asubuhi mapema na jioni. Baadaye mara moja kwa siku hutosha, kisha baada ya siku moja. Kipimo cha kuaminika ni kidole: kikizamishwa hadi kiungo cha pili na kukuta unyevu, maji yasubiri. Chini ya kivuli na matandazo udongo hukauka taratibu, na mkulima anayeendelea kumwaga ndoo zilezile za jua huozesha mizizi aliyokuwa akiilinda.

Imani kwamba matone ya maji juu ya jani hugeuka kioo na kuliunguza ina chembe ndogo tu ya ukweli. Watafiti wa Hungary waliochapisha majaribio yao mwaka 2010 waligundua kuwa juu ya jani laini matone hayaunguzi. Hatari ilionekana kwenye majani yenye vinyweleo vya nta vinavyolishikilia tone juu, mbali na uso wa jani. Mche unaokufa kwa kiu saa saba mchana upewe maji saa saba mchana, kwenye shina. Kinachounguza kweli ni maji yaliyolala ndani ya mpira juani, ambayo hutoka ya moto kiasi cha kushindikana kushikwa. Yaachwe yatiririke kando kwanza mpaka yapoe.

Visima vingi vya pwani vina chumvi. Maji hayo yakimwagwa juu ya majani, jua huyakausha na chumvi hubaki ikichoma kingo. Yamwagwe chini, kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi isijikusanye juu.

Kuondoa kivuli

Kivuli kinachobaki muda mrefu huharibu kazi yake. Siku 3 za mwanzo mche hukingwa mchana wote. Kuanzia siku ya 4 hadi ya 7 hukingwa kati ya saa tano na saa tisa tu. Asiyeweza kufunga na kufungua kila siku apunguze nusu ya makuti jioni moja na nusu nyingine siku 3 baadaye. Siku ya kuondoa ya mwisho iwe jioni pia, wala si asubuhi ya jua.

Hesabu ya siku hata hivyo ni mwongozo wa jumla, na mche wenyewe hutoa habari sahihi zaidi. Mzizi ulioanza kunywa huonekana alfajiri: matone madogo ya maji hujipanga kwenye kingo za majani ya nyanya au kabichi, hata usiku ambao haukuwa na umande. Maji hayo yamesukumwa na mizizi kutoka ndani. Ishara nyingine ni jani jipya katikati ya kilele, lenye kijani hai kuliko mengine. Mche unaosimama wima saa nne asubuhi uko tayari kupunguziwa kivuli. Hoho mara nyingi huchelewa siku 3 au 4 nyuma ya nyanya zilizopandwa jioni moja, na zisionewe kwa kupimwa kwa kipimo cha nyanya.

Kutambua kilichoupata mche

Kunyauka kwa saa sita mchana na kuinuka jioni ni kawaida katika wiki ya kwanza, na hakudai maji zaidi. Kunyauka kunakokutwa asubuhi ni habari nyingine. Kidole kikikuta udongo mkavu, mche una kiu. Kikikuta tope, mizizi inaoza. Udongo ukiwa na unyevu wa kiasi na mche wa nyanya umelala ghafla ukiwa kijani, shina hukatwa karibu na ardhi na kuning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha, ni mnyauko bakteria. Hakuna kivuli kitakachosaidia. Mche huo hung'olewa na kuchomwa, na mahali hapo pasipandwe nyanya, biringanya wala hoho kwa misimu kadhaa.

Shingo iliyosinyaa huchunguzwa kwa uangalifu. Ikiwa imeoza, nyeusi na laini, na udongo umelowa, ni ugonjwa wa kinyausi. Ikiwa imekauka na kubana kama iliyofungwa uzi, juu ya udongo mtupu uliopigwa jua, ni kuungua. Mche uliokatwa kabisa na kulazwa chini ni kazi ya sota, anayepatikana amejikunja udongoni karibu na shina asubuhi hiyohiyo. Mabaka meupe juu ya majani yanayolielekea jua ni ya jua. Kingo za kahawia kwa majani yote, hata ya kivulini, ni za chumvi au mbolea.

Mche uliopoteza nusu ya majani bado huweza kupona ikiwa kilele ni kijani na shingo ni nzima. Hurudishiwa kivuli kwa siku 4 au 5, na majani yaliyoungua huachwa mpaka mapya 2 yatoke, kwa sababu hata jani lililoharibika nusu linaendelea kulisha mzizi na kuukinga na jua. Uliokufa kilele, kwa kabichi, hung'olewa, kwani hautafunga. Sehemu ya kumi ya miche ibakizwe kitaluni kwa ajili ya mapengo, nayo izibe mapengo hayo ndani ya wiki 2, jioni, kila mmoja na kuti lake.